SOMO LA WANACHAMA: Kutengeneza Kitalu Nyumba Kilichovunjwa na Upepo



Baadhi ya wenzetu sasa wana kitalu nyumba nyuma ya nyumba zao, nao hupanda humo nyanya, pilipili boga na matango ili wapate fedha ya kujikimu wakati wa kungojea msimu wa karafuu. Wengine hawana kitalu nyumba, lakini wana banda la miche ya mikarafuu, ambalo ni ndugu yake. Kwa hivyo tumeona ni vyema somo la safari hii lihusu jambo moja litakalotufaa sote: vipi kitalu kilichoharibiwa na upepo kitengenezwe kisiharibike tena mvua ijayo.

Mifano yetu tumeichukua bara, katika mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Pengine mwanachama atauliza, "Sisi watu wa visiwani tuna khabari gani na Shinyanga?" Jawabu ni kwamba mwalimu mzuri wa ujenzi ni mahali penye upepo mkali, udongo mgumu na miti ya kununuliwa. Shinyanga na Geita zina mambo hayo matatu pamoja. Atakayejifunza kutengeneza kitalu nyumba cha huko hatashindwa na cha Wete wala cha Mkokotoni.

1. Kitalu nyumba ni kitu gani

Kitalu nyumba, ambacho wengi hukiita grinihausi, ni banda lenye mifupa ya miti au ya mabomba ya chuma, lililofunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga juu, na kuzungushiwa wavu mwembamba pembeni. Katika nchi za baridi kazi yake ni kuhifadhi joto. Katika nchi yetu joto si shida. Kazi yake ni kuzuia mvua isiyagonge majani na kuleta maradhi, kuzuia wadudu, na kumwezesha mkulima kumwagilia maji kidogo kidogo kwa mipira ya matone. Tuikumbuke tofauti hiyo, maana matengenezo mengi mabaya hutokana na kuisahau.

Tuchukue mfano ambao tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini hali yake ni ya kila siku. Mama mmoja wa Geita ana kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 nyuma ya nyumba yake. Kimejengwa kwa nguzo za mikaratusi. Nyanya zake huuzwa sokoni mjini na katika makambi ya wachimbaji. Kitalu kilijengwa kwa mkopo wa kikundi, na kila mwezi lazima apeleke marejesho. Siku moja jioni upepo unakuja pamoja na mvua, nailoni inachanika upande mmoja, nguzo mbili zinalala, na nyanya zilizokuwa zimeanza kuiva zinabaki wazi. Akichelewa kutengeneza, atapoteza mavuno na kushindwa kulipa, na wanakikundi wenziwe ndio watakaomlipia. Akitengeneza upesi lakini vibaya, kitalu kitaanguka tena, na deni litakuwa mara mbili. Afanye nini kwanza?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni kweli, lakini ufa wa nailoni si kama ufa wa ukuta. Mara nyingi nailoni iliyochanika ni dalili tu, na ugonjwa wenyewe uko chini, katika nguzo. Anayeziba nailoni peke yake ameuficha ugonjwa. Kwa hivyo kanuni ya somo hili ni hii: matengenezo huanza chini kwenda juu, na nailoni ni ya mwisho.

2. Upepo hufanya kazi vipi

Watu wengi hudhani upepo huvunja banda kwa kulisukuma. Ni kweli husukuma, lakini hatari kubwa zaidi ni kuinua. Upepo unapoingia kwa mlango ulioachwa wazi au kwa wavu uliotoboka, na ukakosa pa kutokea, huvimba ndani kama pumzi katika puto. Wakati huo huo upepo unaopita juu ya paa hulivuta paa kwenda juu. Basi paa husukumwa kutoka ndani na kuvutwa kutoka nje, na nguzo hung'olewa kama muhogo.

Tena ifahamike kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa hubana kwa nguvu ya karibu kilo 6 juu ya kila mita mraba. Upepo wa kilomita 72 kwa saa hubana kwa karibu kilo 24. Kitalu cha mama yule kina eneo la mita mraba 120. Upepo wa namna hiyo ukikwama ndani yake, unaweza kuinua paa kwa nguvu ya karibu kilo 2,880, yaani zaidi ya magunia 57 ya kilo 50. Na nailoni ya kufunika eneo hilo, ya unene wa maikroni 200, ina uzito wa kilo 22 tu au kupita kidogo. Hapo mtaona kwamba paa la kitalu nyumba halikai juu kwa uzito wake. Linakaa kwa sababu limeshikwa, na lisiposhikwa sawasawa litakwenda.

Jambo hili si la kubahatisha. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali ilipiga kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga. Nyumba nyingi za matofali ya udongo zilibomoka, na zaidi ya watu 40 walifariki. Walioanguka pale si vitalu bali ni wazazi na watoto waliokuwa wamelala. Tunalitaja kwa heshima ya marehemu, na pia kwa sababu linatuonya: upepo na maji vikija pamoja, kitu kisicho na mizizi imara hakisimami, kiwe nyumba ya kulala au ya kupandia.

3. Siku ya kwanza: usalama na ukaguzi

Baada ya dhoruba usiingie mara moja. Ngoja upepo utulie kabisa. Tazama kwanza kutoka nje kama kuna nguzo iliyoinama, kenchi iliyovunjika, au maji yaliyokusanyika juu ya nailoni. Maji hayo ni mazito kuliko yanavyoonekana. Kidimbwi cha mita 2 kwa 1, chenye kina cha sentimita 10, kina uzito wa kilo 200. Usikitoboe ukiwa chini yake. Simama nje, uisukume nailoni kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa nchani, mpaka maji yamwagikie pembeni.

Kisha chukua karatasi na kalamu. Zunguka kitalu mara mbili. Mara ya kwanza andika kila kilichovunjika. Mara ya pili jiulize kwa kila kimoja: kwa nini kimevunjika hiki na si jirani yake? Nguzo iliyolala imeoza chini, au shimo lake lilikuwa fupi? Nailoni imechanikia katikati, au imeng'oka penye msumari? Mlango ulikuwa umefungwa? Majawabu ya mara ya pili ndiyo yatakayokuonyesha mahali pa kutia fedha yako.

Ikiwa ndani mna mazao yanayoweza kuokolewa, yafunike kwa muda kwa wavu, makuti au majani makavu juu ya fito, jua la kesho lisiyaunguze. Hiyo ni kazi ya siku moja tu, na haina maana kwamba kitalu kimekwisha kutengenezwa.

4. Nguzo na mifupa

Sasa tuanze kazi yenyewe. Chimba kidogo kuzunguka kila nguzo, hata ile inayoonekana nzima, na uichome kwa ncha ya kisu mahali inapokutana na ardhi. Hapo ndipo mti huoza, kwa sababu hapo pana hewa na unyevu pamoja. Na hapo ndipo mchwa huanzia. Kisu kikiingia kama katika muhogo mbovu, nguzo hiyo imekwisha. Usiitegemeze kwa mti wa pembeni, ing'oe.

Katika ukanda wa Geita shauri hili lina uchungu wake, maana miti ni ghali. Wachimbaji wadogo huhitaji magogo mengi, wanayoyaita matimba, ya kuzuia kuta za maduara yasiwafukie. Mkulima na mchimbaji hugombea mti mmoja. Kwa hivyo wako wanaoshawishika kurudisha nguzo mbovu shimoni baada ya kukata kipande cha chini kilichooza. Jambo hilo linakubalika ikiwa nguzo ilikuwa ndefu kupita haja yake. Ama ikiwa shimo linakuwa fupi kwa sababu ya kukata, ni hasara tupu.

Shimo la nguzo liwe na kina kisichopungua sentimita 60. Chini kabisa tia kokoto ili maji yapate njia. Kabla ya kuisimamisha nguzo, pigilia kipande cha mti mlalo karibu na mwisho wake, kama mguu wa jogoo. Kipande hicho kikifukiwa na udongo, nguzo haing'oki kwa kuvutwa juu. Rudisha udongo tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa, mpaka juu. Umalizie kwa kilima kidogo kinachoteremka pande zote, maji yasituame. Mwenye uwezo wa saruji atumie zege, lakini naye afanye mteremko huo huo.

Udongo nao utazamwe. Sehemu nyingi za Shinyanga zina udongo mweusi wa mbuga, ambao hunywa maji ukavimba, na ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nguzo iliyosimama katika udongo huo hutikiswa kila mwaka kama jino, hata kama hapana upepo. Dawa yake ni shimo refu zaidi, udongo mwekundu au changarawe iliyoletwa kutoka mahali pengine kwa kujazia, na mfereji wa kutoa maji mbali na nguzo. Vilimani Geita, penye udongo mwekundu, taabu hiyo ni ndogo, lakini mchwa wako.

Nguzo zikisimama, pima kwa timazi kama ziko wima. Kisha pima kama kitalu kina pembe nne za sawa. Njia yake ni nyepesi: pima mshazari kutoka pembe moja mpaka ya pili inayoelekeana nayo. Kitalu cha mita 8 kwa 15 kikiwa sawa, kila mshazari utakuwa mita 17 kamili. Mmoja ukiwa 17 na nusu na wa pili 16 na nusu, kitalu kimepinda, na nailoni utakayoivuta juu yake itakaza upande mmoja na kulegea upande wa pili. Nailoni iliyolegea hupigapiga kwa upepo usiku kucha mpaka ichanike. Utepe wa kupimia ni rahisi kuliko nailoni mpya.

Mwisho, tia mihimili ya mshazari katika kila pembe, kutoka kichwa cha nguzo moja mpaka mguu wa jirani yake. Umbo la pande nne huweza kulala. Umbo la pande tatu halilali. Kama miti haitoshi, tumia waya mnene, lakini utie pande zote mbili, kwani waya hauna kazi isipokuwa unapovutwa.

5. Nailoni

Sasa ndipo tufike kwenye nailoni. Nailoni ya vitalu imetiwa dawa ya kuvumilia jua, na dasturi hudumu baina ya miaka 3 na 5. Nailoni ya kawaida ya dukani, hata ikiwa nene, huharibika upesi sana juani. Aliyeiweka juu ya kitalu kwa sababu ya bei yake ndogo atainunua tena na tena.

Kabla ya kutia kiraka, ijaribu nailoni ya zamani. Ikunje kwa nguvu, uivute. Ikitoa mstari mweupe na kupasuka, umri wake umekwisha, na kila kiraka utakachotia kitapasuka pembeni yake. Ikiwa bado inavutika, fanya hivi:

Kwanza, safisha mahali penyewe kwa maji na sabuni, ndani na nje, ukaushe kabisa. Gundi haishiki juu ya vumbi, na Shinyanga ya kiangazi ni vumbi tupu.

Pili, kata kiraka kinachozidi tundu kila upande kwa upana wa vidole vinne, na uzungushe pembe zake ziwe mviringo. Pembe kali hubanduka mapema.

Tatu, tumia utepe wa gundi uliotengenezwa kwa nailoni za vitalu, na utie pande zote mbili. Utepe wa kufungia maboksi ni wa wiki mbili.

Nne, mpasuko uliopita urefu wa mkono usiuzibe. Badilisha kipande chote kutoka kenchi mpaka kenchi.

Wakati wa kutandika nailoni mpya, chagua siku isiyo na upepo, wakati wa vuguvugu la asubuhi. Ikitandikwa penye baridi, mchana itanyooka na kulegea. Ikitandikwa katika jua kali la adhuhuri na kuvutwa sana, usiku itajikunja na kujichana yenyewe. Soma maandishi ya pembezoni, kwani nailoni nyingine zina upande wa nje na upande wa ndani.

Usipigilie msumari juu ya nailoni tupu. Kila tundu la msumari ni mwanzo wa mpasuko. Weka papi juu yake, na chini ya papi weka mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu, ndipo upigilie. Mahali nailoni inapogusa chuma, pafunge kitambaa cheupe au upake rangi nyeupe. Chuma kilichopata jua huunguza nailoni polepole. Na wapiga dawa wafahamu kwamba dawa zenye salfa au klorini hupunguza umri wa nailoni. Zisinyunyizwe bila ya haja.

Nailoni kuukuu isichomwe moto, moshi wake ni mbaya. Tena hapa tuna neno maalumu kwa wanachama: isigeuzwe kuwa jamvi la kuanikia karafuu. Nailoni iliyonyunyiziwa dawa za wadudu kwa miaka mitatu si mahali pa kuweka zao linaloingia chakulani mwa watu. Majamvi yetu yanatutosha.

6. Wavu na njia za hewa

Wako watu ambao wakitengeneza kitalu huziba kila kitu kwa nailoni, hata mahali palipokuwa na wavu, wakidhani wameongeza nguvu. Hilo ni kosa. Hewa ya moto hupanda juu, na lazima ipate mlango wa kutokea karibu na kipaa. Ndani ya kitalu kilichozibwa joto hupita nyuzi 35 za sentigredi kwa wepesi, na hapo maua ya nyanya huanguka bila ya kushika. Mama wa mfano wetu ataona mimea mirefu yenye majani mazuri, lakini haina kitu cha kuuza. Uwazi wa juu ubaki, na uelekee upande usiokuja upepo wa dhoruba.

Wavu ukaguliwe kwa utulivu, ukitazama dhidi ya mwanga, tundu moja baada ya jingine. Tangu mwaka 2014, nondo wa nyanya ambaye wakulima wamempa jina la kantangaze ameingia Tanzania. Yeye hahitaji mlango. Tundu la ukubwa wa kidole linamtosha. Tundu la wavu hushonwa kwa sindano na uzi wa nailoni, na juu yake hutiwa kiraka cha wavu.

Mlango nao uwe wa mara mbili: unafungua wa kwanza, unaufunga nyuma yako, ndipo unafungua wa pili. Kazi yake ni kuzuia wadudu na upepo pia. Mawingu ya dhoruba yakionekana, milango yote ifungwe kwa komeo, wala si kwa kamba.

7. Maji na udongo wa ndani

Mafuriko yakiingia kitaluni huweza kuleta mnyauko bakteria, ugonjwa unaoua nyanya ghafla zikiwa bado kijani. Ng'oa mimea iliyonyauka pamoja na mizizi na uitoe mbali. Chimba mfereji upande wa juu wa kitalu, maji ya nje yasiingie tena, na msimu ujao usipande nyanya, bilinganya wala pilipili mahali pale pale. Panda mahindi au mboga za jamii nyingine.

Katika ukanda wa dhahabu kuna onyo zaidi. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na baadhi ya mitambo ya kuchenjulia hutumia sayanidi. Maji yaliyotoka huko yasimwagiliwe mboga, na mapipa yaliyobeba dawa hizo yasiwekewe maji hata yakioshwa mara kumi. Bei yao ni ndogo, lakini hasara yake ni ya mwili. Ni afadhali kuweka mfereji chini ya paa la kitalu na kukusanya maji ya mvua. Mvua ya milimita 10 juu ya mita mraba 120 huleta karibu lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200.

8. Kinga ya miti

Kitalu kilichokwisha kutengenezwa bado kinahitaji mlinzi, na mlinzi wake ni miti. Hapa historia ya Shinyanga ina fundisho. Katika miaka ya ukoloni misitu ya Usukumani ilifyekwa kwa eneo kubwa, ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Upepo ukapata uwanja. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, nao uliendelea mpaka 2004. Nguvu yake ilitokana na dasturi ya zamani ya Wasukuma iitwayo ngitili: kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi na miti ipumzike, na kulifungua wakati wa kiangazi. Kwa njia hiyo zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Nchi nzima ilitengenezwa kuanzia chini kwenda juu, kama tunavyosema juu ya kitalu.

Mstari wa miti hupunguza upepo kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake. Miti ya mita 5 hukinga karibu mita 50. Isiwe ukuta uliozibwa kabisa, maana upepo ukigonga ukuta huruka juu na kuanguka upande wa pili kwa ghadhabu. Miti inayopitisha karibu nusu ya upepo ndiyo inayofaa. Huko bara mijohoro na miarobaini hutumika sana. Kwetu tuna mivinje. Ipandwe mbali kidogo, isitie kivuli wala mizizi kitaluni.

9. Kwetu visiwani

Wanachama hawana haja ya kukumbushwa kwamba upepo unatujua. Tarehe 15 Aprili, 1872, tufani ilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba iliyosalimika ndiyo iliyochukua uongozi wa zao hili. Mwezi wa Mei 2024 tufani Hidaya ilifika Mafia, jirani zetu. Hatuwezi kusema haitarudi nyingine.

Banda la miche ya mikarafuu hutengenezwa kwa kanuni zile zile za nguzo: kina, mguu wa jogoo, mshazari. Lakini juu yake hatuhitaji nailoni. Mche wa mkarafuu wataka kivuli na hewa. Dhoruba ikiondoa makuti usiku, hatari kubwa ni jua la asubuhi, kwani miche iliyozoea kivuli huungua kwa siku moja. Hapa mwanachama achome makuti ardhini upande wa mashariki na wa magharibi siku ile ile, ndipo kesho yake aanze kazi ya nguzo. Na tukumbuke kwamba miche iliyoungua hatuwezi kuifidia upesi: mbegu za mpeta hupoteza uhai wake baada ya siku chache, na mche hukaa kitaluni mwaka mmoja au zaidi kabla ya kwenda shambani.

Matengenezo yote yafanywe kabla ya mvua. Shinyanga, mvua huanza karibu na Oktoba au Novemba, basi wakulima wa huko wana miezi ya kiangazi ya kukagua nguzo zao. Sisi tuna nafasi mbili: kabla ya masika na kabla ya vuli. Asubuhi moja ya kuzunguka na kisu na timazi yatosha kujua banda lilivyo.

Maswali ya kuzungumza katika matawi

1. Nailoni imechanika mara tatu mahali pale pale. Utatazama wapi kwanza, na kwa nini?

2. Kitalu cha mita 6 kwa 8 kikiwa na pembe sawa, mshazari wake utakuwa na urefu gani? (Jawabu: mita 10.)

3. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukizidi kufika 72, nguvu yake imezidi mara ngapi?

4. Kwa nini si vizuri kuziba uwazi wa juu wa kitalu kwa nailoni?

5. Katika tawi lenu, ni mabanda mangapi ya miche yenye mihimili ya mshazari? Hesabuni, na mabanda yasiyo nayo myatie kabla ya mvua, mkisaidiana kwa zamu.